Mifumo ya vituo vya afya isomane vipi? Njia nne kwa wanaouza bidhaa za programu huria Unguja na Pemba

Kujengwa juu ya programu huria, yaani ile ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote, hakutoshi kuifanya bidhaa isomane na nyengine. Muuzaji mmoja anachukua OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa, anabadilisha fomu zake, anaipa jina jipya na kuiuza kwa hospitali binafsi ya mjini. Wa pili anachukua OpenELIS kwa ajili ya maabara. Wa tatu, mwenye wateja wa maduka ya dawa, anaanza na Odoo au ERPNext kwa sababu anachohitaji khasa ni stoo na mauzo. Wote wanasema kweli wanaposema msimbo wa msingi wao uko wazi. Lakini mgonjwa akipewa rufaa kutoka Pemba kuja Unguja, anashuka botini na jina lake linaandikwa upya, vipimo vyake vinasomwa kwenye karatasi aliyoikunja mfukoni, na uwazi ule haujamfaa kitu.

Kinachosomanisha ni makubaliano juu ya kile kinachopita baina ya mfumo na mfumo. Njia za kuyaweka makubaliano hayo ni nne, na kila moja ina wenyewe wanaoipigia debe. Mfano tunaoutumia ni wa afya kwa kuwa huko ndiko kosa dogo huumiza mtu, ila anayeuza mifumo ya hoteli au skuli atazikuta njia hizi hizi.

Jambo moja liwekwe pembeni mapema. Anayetaka kuunganishwa na mfumo wa Serikali hachagui. Wizara ya Afya Zanzibar inakusanya takwimu zake kwa DHIS2, programu huria iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo, na namna ya kuingiza takwimu humo unaambiwa. Mlango wa kubisha kwa mifumo ya umma ni Mamlaka ya Serikali Mtandao Zanzibar. Hapa tunazungumzia yale ambayo wauzaji wanabaki kukubaliana wenyewe kwa wenyewe.

Ya kwanza: wawili wawili

Muuzaji wa hospitali na muuzaji wa maabara wanakaa meza moja, wanapanga ombi la kipimo litakavyotoka na jibu litakavyorudi, wanaandika kurasa tatu, na baada ya wiki kadhaa kazi imekwisha. Watu wa viwango wanaidharau njia hii na wenye haraka wanaipenda, na mara nyingi wenye haraka ndio wenye haki. Kama wahusika ni wawili na hakuna wa tatu anayeonekana kuja, hakuna haja ya kuunda kamati.

Tatizo ni hesabu. Bidhaa 4 zikiunganishwa kila moja na kila mwenzake ni viunganishi 6. Zikiwa 8 ni viunganishi 28, na kila mmoja akitoa toleo jipya, viunganishi 7 vinataka kujaribiwa upya. Tanzania tuna mfano wa karibu kwenye pesa za simu. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel walikubaliana wateja wao watumiane pesa moja kwa moja, na Vodacom akaingia 2016. Waliunganishwa wawili wawili, lakini juu ya viunganishi palikuwa na kanuni za pamoja, na kanuni ndizo zilizobeba mzigo. Baadaye Benki Kuu ikaweka TIPS, mfumo mmoja wa kati ambao kila mtoa huduma huunganishwa nao mara moja. Anayeanza na wawili wawili basi aandike kanuni zake kana kwamba wa tatu yuko njiani: asitaje jina la bidhaa ya mwenzake ndani ya maelezo, na asitegemee namba ya ndani ya hifadhidata ya mtu.

Ya pili: msimbo ndio kiwango

Hapa hakuna waraka. Mnakubaliana kwamba vile inavyofanya programu fulani, ndivyo ilivyo sahihi. Kwa kundi ambalo wote wamejenga juu ya OpenMRS, hoja ina nguvu: mnachagua toleo moja, orodha moja ya moduli na kamusi moja ya maneno ya kitabibu, na bidhaa zenu zinasomana bila ya maandishi mengi.

Inapovunjika ni pale anapoingia mtu mwenye msingi mwengine. Muuzaji wa duka la dawa aliyejenga juu ya ERPNext hawezi kufuata kiwango ambacho ni tabia ya programu asiyoitumia. Atalazimika kuisoma, kuiga hata makosa yake, na kuanza tena kila ikibadilika. Kosa likishategemewa na wenzake linageuka sheria. Ukilirekebisha unawavunjia watu kazi. Ulimwengu wa wavuti ulilipitia hili. W3C, shirika la viwango vya wavuti, ilikuwa ikiandaa kiwango cha hifadhidata ndani ya kivinjari, Web SQL, na Novemba 2010 ikaiacha kazi kwa sababu vivinjari vyote vilivyoitekeleza vilitumia programu moja ile ile ya hifadhidata, SQLite. Maelezo hayakuwa yameandikwa kiasi cha mtu mwengine kuweza kujenga ya kwake. Kiwango ambacho hakina watekelezaji wawili waliojenga mbalimbali hakijajulikana kama kinatosha.

Kuna na leseni. OpenMRS iko chini ya MPL 2.0: unaweza kuichanganya na mafaili yako ya siri, lakini mafaili yake uliyoyabadilisha lazima wanaopokea bidhaa wayapate. Chini ya AGPL, leseni nyengine ya programu huria, sharti linamfikia hata anayetumia kupitia mtandao bila ya kupewa programu. Maana yake, kusema "chukueni msimbo wetu mtasomana" kunaweza kuwa kumlazimisha mwenzako leseni ambayo biashara yake haiibebi. Na yule aliyebadilisha bila ya kurudisha mabadiliko kwenye mradi mama, baada ya miaka miwili mitatu anabaki na toleo lake peke yake. Jina ni lile lile, lakini bidhaa imekuwa nyengine.

Ya tatu: kiwango kilichoandikwa

Kwa afya kiwango kinachofaa kipo, nacho ni FHIR, kiwango cha kubadilishana taarifa za afya kilichotolewa na shirika la HL7. Maandishi yake yako chini ya CC0, hulipi wala huombi ruhusa. Hili si dogo kwa bidhaa za programu huria: kiwango chenye hataza zinazodai malipo kwa kila nakala hakitekelezeki, kwani nakala za programu huria hazihesabiki. Toleo la R4 lilitoka mwishoni mwa 2018, na ndilo la kwanza ambalo sehemu kama ya mgonjwa na ya vipimo zilitangazwa kuwa za kudumu. R5 lilitoka 2023. Msikimbilie R5 kwa kuwa ni jipya. Moduli ya FHIR ya OpenMRS inafanya kazi na R4, na ndani ya R5 baadhi ya mambo yamehamishwa: namna ya kutaja dawa kwenye ombi la dawa, kwa mfano, si ile ya R4. Bidhaa moja ikiwa R4 na nyengine R5, zote zitasema "tunatumia FHIR" na dawa haitosomeka.

Lakini waraka peke yake una historia mbaya. Linux Standard Base (LSB) ilikusudiwa kuzifanya programu za kibiashara ziende kwenye Linux yoyote. Ikafika hadi kuwa ISO/IEC 23360 mwaka 2006, toleo la 5.0 likatoka 2015, na mwaka huo huo Debian, moja ya Linux kubwa, wakaacha kuifuata. Ilitaka programu zifungashwe kwa muundo wa RPM, ambao sehemu kubwa ya ulimwengu wa Linux haiutumii, na wauzaji wa programu hawakuijali. Walithibitisha bidhaa zao kwa Red Hat au Ubuntu, basi. Hakuna mnunuzi aliyesema "sinunui bila ya LSB".

Mfano wa pili unauma zaidi. ODF, muundo wa wazi wa mafaili ya ofisini, ilipitishwa na shirika la viwango la OASIS mwaka 2005 na kuwa ISO/IEC 26300 mwaka uliofuata. Maelezo yake ya mwanzo hayakusema fomula za jedwali la hesabu ziandikwe vipi. Hilo lilikuja na ODF 1.2 mwaka 2011. Mwaka 2009 Microsoft Office 2007 ilipoanza kufungua ODF, majedwali yaliyotoka kwenye programu nyengine yalifunguka na namba zake, fomula hakuna. Kila upande ungeweza kuonyesha kwamba umefuata waraka.

Kwa hiyo FHIR tupu haitoshi. Inahitaji waraka mfupi wa hapa petu, profaili, unaobana pale FHIR ilipoacha wazi. Na kazi kubwa iko humo, kwa sababu yanayoharibika Zanzibar hayajaandikwa na HL7.

*Majina.* FHIR ina nafasi ya `given` na ya `family`. Sisi hatuna jina la ukoo kwa maana hiyo kwa watu wengi. Tuna jina la mtu, la baba na la babu. Fatma Juma Haji, muuzaji mmoja anaweka "Haji" kwenye `family`, mwengine anaweka "Juma Haji", wa tatu anaijaza `given` yote matatu na kuiacha `family` tupu. Utafutaji haumpati. Kanuni iwe moja: `given` ya kwanza ni jina lake, ya pili la baba, `family` ni la babu, na jina zima liandikwe tena kwenye `text`. Kuna na mtoto mchanga ambaye anachanjwa kabla ya kupewa jina. Ameandikwa "Mtoto wa Fatma", baada ya siku saba anaitwa vyengine. Jina libadilike, kitambulisho kisibadilike.

*Saa na tarehe.* Karani anaambiwa mgonjwa amefika saa 2 asubuhi na anaandika 02:00. Skrini ionyeshe asubuhi, mchana, jioni au usiku, mfumo ugeuze wenyewe kuwa 08:00. Mfumo unaotuma saa za UTC, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu, bila ya kuzirudisha +03:00 unamzalisha mama jana: mtoto aliyezaliwa saa 7 na nusu usiku wa tarehe 5 anaonekana amezaliwa tarehe 4. Na mzee anayejua mwaka wake tu aandikwe `1951`, FHIR inaruhusu. Bidhaa inayojaza `1951-01-01` imetunga siku ya kuzaliwa, na aliyepokea hana njia ya kujua.

*Namba.* Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Mfumo ukiihifadhi kama namba ya kuhesabia, JavaScript inaanza kukosea baada ya 9,007,199,254,740,991, ambayo ni tarakimu 16, na Excel haishiki zaidi ya 15. Tarakimu za mwisho zinageuka bila ya ujumbe wowote wa kosa, na watu wawili wanaweza kuwa mmoja. Ihifadhiwe kama maandishi. Kila kitambulisho pia kiende na `system` yake, yaani anwani inayosema hii ni NIDA, hii ni ya Mzanzibari Mkaazi, hii ni ya faili la hospitali. Bila ya hiyo, 40512 ya Wete na 40512 ya Mkunazini ni mgonjwa mmoja.

*Vipimo.* Sukari ya 5.5 mmol/L ni kama 99 mg/dL. Kizidishi ni 18. Himoglobini ya 11 g/dL ni 110 g/L. Mashine tofauti hutoa majibu kwa vizio tofauti, kwa hiyo thamani isiyo na kizio chake kwa UCUM, utaratibu wa kimataifa wa kuandika vizio, ikataliwe pale pale. Isikadiriwe. Jina la kipimo liende na msimbo wa LOINC, orodha ya kimataifa ya majina ya vipimo, ambayo ni bure.

*Mtandao.* Ombi limetoka Pemba, seva imelipokea, mtandao umekatika kabla ya jibu kurudi. Mfumo unatuma tena, na matokeo yamekuwa mawili. FHIR ina dawa yake: kuandika kwa sharti, kupitia kichwa `If-None-Exist`, ambapo seva huangalia kwanza kama kitambulisho hicho kipo. Ni hiari kwenye FHIR. Kwetu iwe lazima. Vile vile anayetafuta orodha afuate kiungo cha `next` mpaka mwisho. Bidhaa inayosoma ukurasa wa kwanza tu hupita vizuri kwenye maonyesho yenye wagonjwa kumi na kuwapoteza wengine kazini.

Tahadhari moja kwa waandishi wa profaili: neno `mustSupport`, alama ya kwamba kipengele lazima kishughulikiwe. Watu hulibandika kila pahala wakidhani limesema jambo. FHIR yenyewe inawaachia nyinyi mlieleze. Andikeni wazi: anayetuma lazima ajaze akiwa nayo, anayepokea lazima ahifadhi na aonyeshe.

Ya nne: jaribio na alama

Kubernetes, programu ya kusimamia programu nyengine kwenye seva nyingi, ni msimbo wa leseni ya Apache 2.0, yeyote anaruhusiwa kuuchukua, kuubadilisha na kuuuza. Kilichozuia usigawanyike vipande ni jina. Tangu mwishoni mwa 2017 muuzaji anayetaka kuiita bidhaa yake Certified Kubernetes anaendesha seti moja ya majaribio iliyo wazi kwa wote, anawasilisha matokeo hadharani, na anarudia kadiri matoleo yanavyosonga. Leseni ya msimbo haitoi alama ya biashara, na hapo ndipo kamba ilipofungwa.

Kwa soko letu seti haihitaji kuwa kubwa. Wagonjwa 30 wa kutunga wanatosha wakitungwa kwa ubaya: mwenye majina matatu na mwenye mawili, mchanga asiye na jina, mzee mwenye mwaka tu, pacha wawili wa tarehe moja, mwenye namba ya NIDA inayoishia na tarakimu zisizo sufuri, sukari kwa vizio vyote viwili, himoglobini isiyo na kizio. Bidhaa A inatuma, B inapokea, B inatuma kwa C, C inarudisha kwa A, na kilichorudi kinalinganishwa na kilichotoka. Katikati ya kutuma, mtu avute waya wa mtandao. Kabla ya hapo kila faili lipitishwe kwenye kihakiki rasmi cha FHIR, ambacho ni bure na kinaendeshwa kwenye kompyuta ya kawaida yenye Java. Kitakamata makosa ya umbo. Makosa ya maana hakiyaoni. Mgonjwa aliyezaliwa jana kwa sababu ya UTC anapita kihakiki bila ya neno.

Gharama ya njia hii ni mtu wa kuyatunza majaribio. Yasipotunzwa yanapitwa na wakati, na alama inabaki kuwa pambo ukutani.

Ipi, kwa nani

Mkiwa wawili, njia ya kwanza, na msijisumbue. Mkiwa wote juu ya OpenMRS na mteja mmoja mkubwa, ya pili inatosha kwa miaka michache, kwa sharti mabadiliko yarudi kwenye mradi mama. Kuanzia watatu wenye misingi tofauti, ya tatu na ya nne kwa pamoja, na majaribio yaanze kuandikwa kabla ya profaili kukamilika. Sababu ni ya kazi: mkijaribu kuandika jaribio la "jina liandikwe sawasawa" mnagundua papo hapo kwamba hamjakubaliana sawasawa ni ipi. Waraka unavumilia maneno ya kupendezesha, jaribio halivumilii. Kuipeleka profaili Taasisi ya Viwango Zanzibar ni jambo jema baadaye, ikishatumika na kukwaruzwa. Kuanzia huko ni kuganda na makosa ya siku ya kwanza.

Mnunuzi ndiye mwenye nguvu kuliko wote hapa, na aghalabu hajui. Kwenye mkataba aandike mambo matatu. Malipo ya mwisho, walau robo ya bei, yatoke baada ya jaribio kupita mbele yake kwa toleo lile lile litakalofungwa, na bidhaa ya muuzaji mwengine ikiwa upande wa pili. Kila toleo jipya lirudie jaribio kabla ya kuwashwa. Na siku ya kwanza, wala si siku ya kuachana, muuzaji aonyeshe taarifa zote zinavyotolewa nje kwa profaili hiyo hiyo. FHIR ina utaratibu wa `$export` unaotoa kila kitu kwa mafaili ya maandishi yanayoitwa NDJSON.

Alama yenyewe isiwe mali ya muuzaji yeyote. Iwe ya jumuiya, na isajiliwe kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali Zanzibar, BPRA. Wengi husajili BRELA wakadhani wamemaliza. Usajili wa BRELA ni wa Tanzania Bara na hauvuki bahari. Majaribio yawekwe hadharani chini ya Apache 2.0, na badiliko lolote likubaliwe na wauzaji wawili na mnunuzi mmoja. Toleo la zamani la majaribio lisifutwe maadamu kuna kituo hata kimoja, Micheweni au Makunduchi, ambacho bado kinaendesha bidhaa iliyopita kwa toleo hilo.